Moyo Namba Saba

Hubert Snook aliamini daftari lake kuliko macho yake. Kila maiti iliyoingia katika jumba lake la maziko pale Pinchin, mji mdogo wa pwani, ilikaguliwa kuanzia utosini hadi unyayoni, na kila alama ikaandikwa. Mwaka fulani familia moja ilimjia juu kwa kovu la paji la uso, na ikabidi atafutwe farasi aliyempiga marehemu teke ili Snook aaminiwe. Farasi mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Tangu hapo, Snook huandika.

"Soma tena," alisema Lorna Petten.

Lorna alikuwa mpelelezi wa Baraza la Wauguzi la mkoa, mwanamke wa miaka sitini, na koti lake lilikuwa bado linachuruzika mlangoni. Upepo wa Novemba ulivuma asubuhi ile kiasi kwamba mtu akikohoa, kikohozi kilimrudia na majibu yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu. Mkobani mwake mlikuwa na karatasi mbili: nakala ya mchoro wa mapigo ya moyo uliotolewa na mashine, na barua ya kukiri kosa ambayo Sista Dulcie Noftall, muuguzi wa hospitali ya Pinchin, alitakiwa kuitia sahihi kabla ya saa sita mchana. Akitia, atastaafu kimya kimya kama mtu aliyesababisha kifo. Asipotia, ananyang'anywa leseni na jambo zima linaanikwa mbele ya Baraza.

Snook alipandisha miwani.

"'Elijah Pardy, miaka sabini na mmoja. Kifuani, misalaba midogo ya wino mweusi. Sita mahali pa kawaida. Minne upande wa kulia.'" Akafunga daftari kidole kikiwa ndani. Pale Pinchin kila mtu humwita mwenzake mpenzi. "Ile sita naijua, mpenzi. Kila anayepita mikononi mwa Sista Dulcie huja kwangu nayo. Nasugua mpaka kiwiko kinalia, haitoki. Siku ya kiyama Mungu atawatambua watu wa Pinchin kwa wino wa Dulcie."

"Na ile minne?"

"Hiyo ni migeni. Miaka ishirini na mbili hapa, sijaiona."

Lorna alikuwa ameiona mara nyingi, maana kabla ya upelelezi alikuwa muuguzi wa moyo kwa miaka ishirini na saba. Muuguzi makini huweka alama pale alipobandika vibandiko vya mashine, ili mchoro wa pili uchukuliwe mahali pale pale na ulinganishwe na wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya misalaba sita. Lakini hakuna mtu anayehamisha nyaya kwenda upande wa kulia wa kifua kwa kujifurahisha. Anahamisha baada ya kuona kwenye mchoro wa kwanza kwamba sehemu ya chini ya moyo imeumia, na anataka kujua kama upande wa kulia nao umeguswa.

Na hapo ndipo kesi nzima ilipokaa. Wiki tatu nyuma, Nahodha Elijah Pardy aliingia hospitali ya Pinchin akishika kifua. Alikuwa seremala, lakini kule kila mzee huitwa Nahodha, hata kama chombo pekee alichowahi kupanda ni beseni la kuogea. Dulcie akampima moyo. Dokta Alban Strickland akampa kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kidonge kile huwatuliza wengi, lakini moyo ulioumia upande wa kulia ukikipata, ni sawa na kuukausha mto na kutaka kinu kiendelee kusaga. Presha ya Nahodha ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Haikufika robo saa, akawa amekufa.

Dulcie alisema alichukua michoro miwili, akaitia mkononi mwa daktari na kumwambia kidonge kisitolewe. Daktari alisema alipewa mmoja tu, tena mbovu, nyaya za mikono zimebandikwa kinyume, ukampotosha. Kwenye faili ulikuwemo mmoja. Na kweli ulikuwa na kosa hilo: mstari wa kwanza ulisimama kichwa chini, miguu juu. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mashine yenyewe ilikuwa kongwe. Ikizimwa, husahau michoro yote kama mlevi asubuhi.

"Kuna lingine lolote ambalo hukuliandika?" Lorna aliuliza.

Snook alifikiri. Akasema la kuandika hapana, ila jambo moja lilimshangaza. Mkono wa kulia wa Pardy ulikuwa ukitetemeka kwa miaka sita, mchana na usiku, ugonjwa ule wa kutetemeka ambao hauna dawa ya kuumaliza. Kanisani alikuwa akishika kitabu cha nyimbo, na waliokaa nyuma yake wanashindwa kusoma chao.

"Nilipomvalisha shati nikajikuta namwambia, 'Leo umetulia, Nahodha.' Siku ya kwanza kuuona mkono ule umelala."

Lorna alitoa nakala ya mchoro akaitandaza juu ya daftari la Snook, akausogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kati ya pigo na pigo, kila mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliotiwa nta. Hakukuwa na mtetemo hata mmoja.

"Bwana Snook," alisema, "mtu aliyetetemeka mkono miaka sita angeandika nini hapa?"

"Mimi nazika tu, mpenzi."

"Angeandika milima na mabonde. Mashine haijui huruma. Kila mkono unaotikisika, inauchora."

Akakunja karatasi, akaondoka bila kunywa chai. Pale Pinchin, mtu anaweza kusamehewa wizi kabla ya kusamehewa hilo.

*

Dulcie Noftall alikuwa jikoni kwake akikaanga tautoni, zile chapati nene za unga wa mkate, mafuta ya nguruwe yakiimba kwenye kikaango. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, na amevaa sare ya kazi iliyopigwa pasi, ingawa alikuwa amesimamishwa na kunyang'anywa funguo za hospitali jioni ile ile ya msiba.

"Wakili wangu kapiga simu asubuhi," alisema bila kugeuka. "Anasema nitie sahihi nipumzike. Nikamwambia apumzike yeye."

Lorna alimweleza habari ya misalaba minne. Dulcie alisikiliza huku akigeuza tautoni, akasema kwamba hilo alikwisha kuwaambia watu wa Baraza mara tatu, na mara ya tatu waliandika kwamba ana hasira. Lorna akamwambia kwamba wino unaonyesha alipima upande wa kulia, ila hauonyeshi kwamba alimpa mtu karatasi. Mtu akitaka kumwangusha, atasema alipima akanyamaza.

"Basi tazama hii," Lorna akasema, akaweka nakala mezani. "Barua ilikwambia tu kwamba mchoro una kosa. Nani alikuonyesha mchoro wenyewe?"

Hakuna aliyemwonyesha. Dulcie alifuta mikono kwenye aproni, akainama. Zikapita sekunde kama kumi, muda ule ule ambao mashine huchukua kuandika moyo wa mtu. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Nani kakwambia huyu ni Nahodha Pardy?"

"Jina lake limechapwa hapo juu."

"Jina huchapwa na kidole, bibie. Hii mistari imechapwa na moyo. Huyu namjua. Huyu ni Namba Saba."

Lorna akavuta kiti.

Kwa miaka kumi na mitano, Dulcie alifundisha wauguzi wapya kwa namna yake. Kwenye ukuta wa chumba cha chai alibandika michoro ya moyo ya wafanyakazi wenyewe, kila mmoja kwa hiari yake, bila jina, namba tu. Muuguzi mgeni hakuruhusiwa kunywa chai yenye maziwa mpaka aweze kueleza kila moyo una tabia gani. Namba Nne, wa mpishi, huruka pigo moja kama mtu anayevuka dimbwi. Namba Kumi na Moja ni wa Dulcie mwenyewe, nao hauna kasoro ila uvivu. Na Namba Saba, kwenye mstari wa kibandiko cha kwanza cha kifua, badala ya mlima mmoja una vilele viwili vilivyochongoka, cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Wauguzi huviita masikio ya sungura. Ni hitilafu ndogo ya njia ya umeme wa moyo. Mtu anaweza kuishi nayo mpaka azike wajukuu.

Lorna alitazama nakala. Masikio yalikuwepo. Alikuwa ameyaona tangu siku ya kwanza, akadhani ni ya Pardy.

"Namba Saba ni nani?"

"Kula kwanza." Dulcie alimwekea tautoni mbili na kuzimwagia sharubati nyeusi ya miwa. "Namba Saba ni Dokta Strickland."

Lorna alikula, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukataa chakula cha Dulcie akatoka na heshima yake. Kisha akauliza kuhusu nyaya za mikono. Kwa nini daktari mzima, akijipima mwenyewe ili achape jina la Pardy juu yake, azibandike kinyume?

"Kabandika lini yeye?" Dulcie alisema. "Miaka yote napima mimi, yeye anasoma. Nyaya hajazishika tangu chuoni. Sasa simama hapo. Mimi ni mgonjwa wako. Mkono wangu wa kulia uko wapi?"

"Kushoto kwangu."

"Enhe. Macho yake yamezoea kuona waya wa mkono wa kulia ukienda kushoto. Siku hiyo yuko peke yake, kafunga mlango, ana haraka, anajibandika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Waya ule ule kaupeleka kushoto. Kushoto kwake."

"Halafu alipoliona kosa lake," Lorna alisema taratibu, "akalifanya lako."

Dulcie alizima jiko, akachukua koti.

"Huruhusiwi kuingia hospitalini," Lorna alimkumbusha.

"Najua. Ndiyo maana nimepiga pasi."

*

Waliingia kwa mlango wa mbele. Mtu wa mapokezi alinyanyuka amzuie Dulcie, akaona alivyomtazama, akakaa tena na kuanza kupanga kalamu zake kwa ukubwa.

Chumbani kwa chai Lorna alihesabu ukuta. Moja hadi Sita. Nane hadi Kumi na Moja. Katikati palikuwa na mraba wa rangi nyeupe zaidi, na matundu manne ya pini.

"Kaubandua," Dulcie alisema. "Nitamwambia nani kwamba namjua kwa kichwa? Watasema kikongwe kaona sungura ukutani."

Ilikuwa saa sita kasoro robo Dokta Strickland alipoingia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, na sauti ya kubembelezea watoto sindano. Alikuja na kalamu mkononi. Alisema amefurahi kuwaona wote wawili mahali pamoja, kwamba jambo hili limewaumiza wote, na kwamba yeye binafsi ameomba Baraza limwonee huruma Sista Dulcie kwa utumishi wake.

"Tia sahihi, Dulcie mpenzi," alisema. "Uende nyumbani na heshima yako."

Dulcie alipokea kalamu, akaichomeka kwenye mfuko wa sare yake.

Lorna hakumpa nafasi ya pili. Alimwambia kwamba mchoro wa kwenye faili si wa Elijah Pardy, kwa sababu mkono wa Pardy ulitetemeka na mchoro hautetemeki. Daktari akajibu kwamba huenda alitulia kidogo, wagonjwa hutulia. Lorna akasema wagonjwa wa aina ile hutulia wakilala usingizi, na hakuna anayesinzia kifua kikimpasuka. Akamweleza misalaba minne. Daktari akasema Snook ni mzee. Akamweleza masikio ya sungura. Daktari akatabasamu.

"Bi Petten, watu wenye masikio hayo wangejaza uwanja wa mpira."

"Kweli kabisa," Lorna alisema. "Wenye masikio hayo ni wengi. Lakini waliokuwa na ruhusa ya kuishika mashine mchana ule walikuwa wawili, na mmoja ni huyu, moyo wake uko ukutani pale, hauna masikio. Wa kwako tu ndio umebanduliwa. Lala dakika moja upimwe. Ukitofautiana na huu, mimi mwenyewe nitamshikia Dulcie karatasi atie sahihi."

"Huwezi kunilazimisha."

"Siwezi. Nakuuliza tu, nami nitaandika ulivyonijibu."

Daktari alitazama mlango. Alisema ana wagonjwa. Alisema wakili wake atazungumza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wake ukapanda kifuani, vidole vimekunjwa, kama vya Nahodha Pardy alivyoingia.

"Kinabana," alisema.

Hapo hapo Dulcie aliacha kuwa mshtakiwa. Alimshika kwapa, akamkalisha, akamlaza kwenye kochi refu la wauguzi wa zamu. Kifua kinabana wapi, maumivu yanakwenda mkononi, yanakwenda tayani, yameanza sasa hivi? Huku anauliza, mguu wake ulikuwa unavuta mashine kutoka kona yake. Muuguzi wa zamu alikuwa wodi ya wazazi na mtoto anayekuja matako mbele. Lorna akavua koti asaidie.

"Umesimamishwa," daktari alimwambia Dulcie, kwa sauti nyembamba.

"Kanisimamishe tena, Dokta. Kwanza fungua shati."

Alifanya kazi kama mtu anayepanga vyombo vyake mwenyewe kabatini. Alikausha ngozi, akahesabu mbavu kwa kidole, kibandiko cha kwanza, cha pili, mpaka sita kifuani na vinne mikononi na miguuni. Waya wa kulia kulia, wa kushoto kushoto. Akamwambia asizungumze, asitikisike. Mashine ikanguruma, ikatema karatasi. Kisha Dulcie akatoa kalamu mfukoni, ile ile ya daktari, akamwekea misalaba yake sita.

Alisoma mchoro amesimama, mstari kwa mstari, mara mbili. Lorna alisoma juu ya bega lake.

"Hakuna kilichoumia," Dulcie alisema. "Pigo liko haraka tu. Ni hofu, Dokta. Inabana hivyo hivyo, lakini haiui. Nitakupima tena baada ya robo saa kuhakikisha."

Akaiweka karatasi kifuani mwa mwenyewe. Ilikuwa mali ya mgonjwa, na Lorna hakuigusa. Hakuwa na haja. Masikio ya sungura yalisimama pale mbele ya macho ya wote watatu, la pili refu kuliko la kwanza.

Daktari aliiinua, akaitazama muda mrefu. Alisema kwa shida kwamba mstari wa kwanza hapa umesimama wima. Kwenye faili umepinduka. Michoro hii haifanani.

"Haifanani," Dulcie alikubali. "Sasa kwa ruhusa yako nachukua wa pili. Nabadilisha nyaya za mikono tu."

Akashika waya wa mkono wa kulia kwa vidole viwili, akaunyanyua. Akashika wa kushoto. Nyaya zilining'inia juu ya kifua cha daktari, tayari kupishana. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne kugonga sita.

"Usibadilishe," daktari alisema.

Dulcie hakuzishusha.

"Droo ya chini," alisema daktari, akiangalia dari. "Meza yangu. Chini ya majarida. Yote miwili."

Lorna alikwenda mwenyewe, na mtu wa mapokezi akaenda naye kama shahidi. Droo ilikuwa na kufuli, ufunguo ukiwa kwenye shada lililoning'inia pale pale mlangoni. Michoro ilikuwa imekunjwa mara moja. Kwenye yote miwili, kati ya pigo na pigo, mistari ilichezacheza kama maji ya beseni lililobebwa na mtoto. Kwenye wa pili, pembeni, kwa mwandiko wa Dulcie ulioegemea kushoto: *Kulia kumeumia. Kidonge cha ulimi asipewe. Saa nane na dakika ishirini.* Na chini yake, kwa kuwa katika hospitali ile hakuna mchoro unaopita mkononi mwa daktari bila alama yake, zilikuwepo herufi mbili za jina lake kwa wino wa buluu: *A.S.*

Lorna aliporudi, Dulcie alikuwa ameketi pembeni ya kochi, vidole juu ya kifundo cha mkono wa daktari, anahesabu mapigo. Robo saa ilikwisha. Alimpima mara ya pili kama alivyoahidi, mahali pale pale palipokuwa na misalaba, akasema moyo umetulia.

"Naomba ile barua yangu," alimwambia Lorna.

Lorna alimpa. Dulcie aliitandaza kwenye kiti, akaisoma tena mpaka chini, hadi pale penye mstari mtupu na jina lake. Kisha akaanza kumbandua daktari vibandiko. Kwa kawaida huwahesabia watu moja, mbili, tatu, kwa sababu gundi ile hung'oa nywele na mizizi yake. Safari hii hakuhesabu. Kila kimoja kilipotoka alikigandisha kwenye barua, juu ya mstari wa sahihi, mpaka vikawa kumi.

"Hiyo ipelekee Baraza," alisema. "Mimi naingia zamu."